Chambo cha kapu kwenye vidimbwi vyetu: cha dukani, cha agroveti na cha kinuni

Nitoe hukumu kwanza ili mwenye haraka asisumbuke. Kama unavua samaki aina ya kapu kwenye vidimbwi na mabwawa madogo ya Kirinyaga, Embu, Murang'a au Nyeri, usinunue boili, vile vidonge vya chambo vya kutoka ng'ambo. Ukikosa muda wa kupika, nunua kopo la mahindi matamu. Ukiwa na muda, chukua mahindi makavu ya kawaida, yaloweke, yachemshe, uyaache mpaka yachachuke. Sijaona chambo kinachoyashinda, na gorogoro moja inakuvusha wiki nyingi. Donge la unga wa posho ni la pili. Minyoo waachie wanaotaka kambare.

Mimi nina kinu cha kusaga unga karibu na Kagio. Kazi yangu ni mahindi, wimbi, mtama, na pumba za mchele zinazotoka Mwea, kwa hiyo unga naujua kwa vidole kabla sijautazama. Stima ikipotea kinu kinalala, nami huchukua fimbo ya kuvulia nikateremka kwa majirani wenye samaki. Vijana wanaokuja kununua unga wa kuvulia huniuliza swali lile lile: nitie nini kwenye ndoano? Na inaniuma kuona mtu akitoa pesa ya kibarua cha siku nzima kununua pakiti ya rangi nzuri ambayo haikutengenezwa kwa maji haya.

Maji yenyewe ni ya namna gani? Vidimbwi vingi vya huku vilichimbwa katika ule mpango wa serikali wa kufufua uchumi wa mwaka 2009, uliolenga vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila kimoja mita 300 za mraba. Vingine siku hizi ni mashamba ya nduma. Vilivyobaki vina ngege na kambare, maana hao ndio waliosambazwa, na baadhi ya wenyewe wakaongeza kapu baadaye. Kituo cha samaki cha Sagana, kilichoanza mwaka 1948, kiko jirani, kwa hiyo mambo ya ufugaji samaki si mageni kwetu. Halafu kuna mabwawa ya mashamba ya kahawa, yenye matope mazito chini na kapu wa miaka mingi wasiosumbuliwa na mtu. Ukiendelea kuteremka unafika Masinga, bwawa la umeme lililokamilika mwaka 1981, na huko pia kapu wapo, lakini lile ni bwawa kubwa mno na mambo yake ni mengine. Nazungumzia maji ambayo ukisimama ukingo mmoja unamwona mtu aliye ukingo wa pili.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo vijana wengi hukosea kununua. Kapu si mchaguzi. Anakula wadudu wa kwenye matope, konokono wadogo, mbegu, majani laini, pumba, mabaki ya ugali, karibu kila kitu. Ukimtafutia chambo cha kumfurahisha unajisumbua bure, kwa sababu vingi vitamfurahisha. Shida ni jirani zake. Kwenye kidimbwi kimoja kuna ngege wadogo mamia ambao hudonoa kila kitu kinachozama, na kuna kambare anayekuja mbio akinusa nyama. Donge lako laini likiingia majini, ngege wamelimaliza kabla kapu hajageuka. Mnyoo wako ukifika chini, kambare ameumeza. Kwa hiyo mimi hupima chambo kwa jambo moja tu: je, kitabaki kwenye ndoano mpaka kapu afike? Chambo kizuri cha kapu ni kile ambacho wenzake wawili wanakikataa.

Na kapu ana kitu ambacho ngege mdogo hana. Mdomoni hana meno hata moja, lakini kooni ana meno mapana ya kusagia, na anaponda punje ngumu na maganda ya konokono bila shida. Ukimpasua ukamtazama vizuri nyuma ya matamvua utayaona, yamejipanga sawasawa. Tena hana tumbo la kuwekea chakula, chakula kinapita moja kwa moja utumboni, ndiyo maana anakula kidogo kidogo kutwa. Pembeni mwa mdomo ana sharubu nne za kuonjea. Hujinyoosha mdomo kuelekea chini, ananyonya matope pamoja na chakula, anachambua, anatema asichokitaka. Ukiona mapovu madogo madogo yanapanda mfululizo na maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, yuko hapo chini kazini.

Kwa kipimo hicho, haya ndiyo maoni yangu kuhusu kila chambo.

Boili nilizinunua Nairobi, kwenye duka la vifaa vya kuvulia ambalo sina haja ya kulitaja. Kwa asiyezijua, ni vidonge mviringo vya unga, mayai na viungo, huchemshwa mpaka vikapata ngozi ngumu. Kijana wa dukani aliniambia, «Mzee, hii ukitupa tu, kapu anakuja.» Pakiti ya kilo moja, vidonge vya milimita 20, harufu ya stroberi iliyojaa gari zima mpaka Makutano. Bei yake ingeninunulia zaidi ya debe zima la mahindi.

Nizitendee haki. Zina sifa moja kubwa, nayo ndiyo niliyoisema: ngege hawawezi kuzidonoa. Nilikitoa kidonge majini baada ya muda mrefu, ngozi yake ikiwa nzima, na alama ndogo ndogo za midomo juu yake. Ugumu huo haukuja kwa bahati. Uingereza, ambako boili zilianzia, wavuvi wa kapu, kama sisi, wanashindana na samaki wadogo, na wanataka chambo kinachoweza kulala chini usiku mzima. Lakini wenzetu wale wanavua kapu wakubwa sana, samaki anayevuliwa na kurudishwa majini, akavuliwa tena na tena, na kwenye mabwawa yao boili zimetupwa kwa miaka na miaka mpaka samaki wanazijua kuwa ni chakula. Kapu wa kidimbwi cha huku hajawahi kuiona boili. Wengi wana kilo moja, kilo mbili, na kidonge cha milimita 20 ni kikubwa kwao. Ili azoee ingebidi utupe vidonge siku baada ya siku, na kwa bei ile ni afadhali ununue samaki sokoni.

Nilipata kapu kwa boili, sikatai. Niliwapata baada ya kuzikata nusu kwa kisu na kuzifunga kwa pumba zilizoloweshwa, na sioni kwa nini nilipie kitu ghali ili nikifunike kwa pumba zangu mwenyewe. Mwenye kuvua Naivasha anaweza kuwa na hoja tofauti. Kule kapu alianza kuonekana kwenye nyavu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na haikupita miaka kumi akawa ndiye samaki mkuu wa ziwa. Ziwani kuna kapu wakubwa na nafasi ya kungoja. Kwa kidimbwi cha mita 300 za mraba, hapana. Kama lazima ununue, omba za milimita 10 au 12, na pakiti ndogo.

Kopo la mahindi matamu la supamaketi ni hadithi nyingine kabisa. Unafungua, unavua. Punje ni laini kiasi cha kupenya ndoano bila kupasuka, ni tamu, na rangi yake ya manjano inaonekana vizuri maji yakiwa maangavu, hasa Januari na Februari kabla ya mvua. Kapu akishakula punje moja anatafuta ya pili. Kasoro ni ule ulaini. Ngege mwenye mdomo wa kutosha anaing'oa punje, na utajikuta unarudisha ndoano tupu kila dakika. Dawa yake ni kutunga punje tatu badala ya moja, na kuchagua zile zilizo chini ya kopo, ambazo huwa nzima zaidi. Maji ya kopo usiyamwage. Yachanganye na pumba kidogo, finyanga, tupa pale unapovulia. Kopo moja linatosha alasiri nzima na linabaki. Kwa mtu wa kazi ya ofisi anayepata nafasi ya Jumapili tu, hiki ndicho chambo chake, na pesa zake hazikupotea.

Mkate. Ule mweupe wa kawaida, ukoko wake unaelea na kapu anapanda kuufuata juu jioni maji yakiwa yametulia. Ni raha kutazama. Wavuvi wa Uingereza wanamkumbuka Richard Walker, aliyemvua kapu wa ratili 44, kama kilo 20, kwenye bwawa la Redmire mwezi Septemba 1952, na kwenye ndoano yake kulikuwa na mkate. Kwa hiyo mkate si chambo cha kudharau. Huku kwetu lakini ngege wanaumaliza kwa kelele. Nautumia tu pale ninapojua kapu ni wengi kuliko ngege, na pahali kama hapo ni pachache.

Minyoo ni kambare, basi. Utampata kapu mmoja mmoja asubuhi, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku na maji ya shamba yameingia, lakini muda mwingi utakuwa unang'oa ndoano kooni mwa kambare.

Chakula cha samaki cha agroveti, zile chembe za kulishia, kina jambo la kuzingatia kabla ya kununua: uliza kama zinaelea au zinazama. Nyingi zinazouzwa huku zinaelea, maana mfugaji anataka aone samaki wakila ili ajue kiasi cha kuongeza. Kwa kapu unataka zinazozama. Haziingii kwenye ndoano, zinapasuka, kwa hiyo thamani yake ni ya kuita samaki, si ya kuvulia. Kama mwenye kidimbwi anawalisha samaki wake chembe hizo kila siku saa ile ile, basi konzi moja ukingoni inawaleta samaki wote, na hapo ndipo taabu inapoanza, kwa sababu wanakuja na ngege. Mimi nazisaga na kuzichanganya kwenye donge, robo ya chembe kwa robo tatu za unga. Kitu cha maana kwenye duka lile lile la agroveti ni molasi, ile ya ng'ombe. Chupa ndogo ya soda ikijaa molasi inakutosha msimu, na kapu anaupenda utamu wake.

Sasa nifike kwangu. Donge la unga.

Unga laini wa pakiti haufai. Umeondolewa pumba na kiini, umebaki wanga mtupu, ukiupika unateleza na majini unayeyuka upesi. Unga unaofaa ni ule wa posho uliosagwa na kila kitu chake, wenye chenga chenga ukiusugua kwa vidole. Chemsha maji kikombe kimoja na kijiko cha molasi. Yakichemka mimina unga kidogo kidogo ukisonga, mpaka ugali uwe mgumu kuliko ule unaoweka mezani, mgumu wa kushindana na mwiko. Uache motoni dakika kadhaa baada ya kuona umeiva, uukaushe, halafu uupue na kuukanda ukiwa bado unachoma viganja. Kukanda ndiko kunakofanya kazi. Watu hukanda dakika mbili wakachoka. Kanda mpaka ugali uache kushika mikono, uwe unang'aa, na ukiuvuta uvutike kidogo kabla ya kukatika. Funga kwenye mfuko wa nailoni usikauke. Mwenye kutaka ugumu zaidi achane pamba kidogo sana, nyuzi nyuzi, akande pamoja na donge. Nyuzi zinalishika donge kwenye ndoano hata ngege wakilipiga.

Tonge liwe na ukubwa wa punje mbili za maharagwe, ncha ya ndoano ikiwa imejificha kidogo tu. Ndoano namba 6 au 8 inatosha kwa kapu wa huku. Kwa donge kama hili, boya dogo ni bora kuliko risasi ya kulala chini, maana utaona ngege wakidonoa, boya linatetemeka tetemeka, na utajua tonge linapungua. Kapu hatetemeshi. Boya linalala kwanza, linainuka kidogo, kisha linaondoka pembeni polepole na kuzama. Vuta hapo, si kabla.

Kuna wanaotia unga wa omena kwenye donge. Unafanya kazi, na sababu yake ni ile ile inayowafanya Wazungu watie unga wa samaki kwenye boili zao: protini zinazoyeyuka majini huwafikia samaki mbali. Nimewahi kukanda unga wa posho, unga wa omena, yai na molasi, nikafinyanga vidonge vidogo na kuvichemsha dakika tatu. Vikikauka kivulini siku moja vinakuwa boili kamili, vya gharama ndogo, na vya ukubwa unaoutaka. Lakini harufu ya omena inaita kambare, jua likishazama hasa. Mchana, kwenye bwawa lisilo na kambare wengi, vidonge hivyo nitavisifu kwa mtu yeyote. Kwingineko toa omena, weka mashudu ya alizeti yaliyosagwa. Yana mafuta na harufu ya karanga na kambare hayajali.

Namba moja sasa: mahindi makavu yaliyochemshwa.

Chagua punje nzima za ukubwa wa wastani, hizo hizo za githeri. Loweka usiku kucha. Chemsha bila chumvi mpaka punje zivimbe na chache zianze kupasuka kwenye ncha, ule mpasuko mdogo unaoonyesha weupe wa ndani. Zikipasuka zote umezidisha. Usitumie kabisa punje kavu ambazo hazijalowekwa, hata za kutupia tu majini: zinavimba zikiwa ndani ya samaki, na samaki hana namna ya kujisaidia. Baada ya kuchemsha, mimina punje na maji yake kwenye ndoo yenye kifuniko, ongeza molasi kijiko kimoja, uache siku mbili au tatu. Maji yanakuwa mazito, yanatoa povu, na harufu inakuwa ya uji uliochacha. Hapo yamefika. Nyumbani watalalamika, kwa hiyo ndoo ikae nje.

Kinachotokea majini ni hiki. Ganda la mahindi bado ni gumu, ngege anadonoa anaacha. Halinuki nyama, kambare anapita. Kapu anakuja, ananyonya, anasikia uchachu na utamu, na lile ganda linalowashinda wenzake yeye analisaga kooni. Chambo kinakaa kwenye ndoano muda wote unaohitaji. Ukiwa na subira ya kupika siku tatu kabla, utavua samaki unaowataka na si wale wanaokuja tu.

Shida ya punje ngumu ni kwamba ncha ya ndoano ikizama ndani yake haimshiki samaki. Hapa nimejifunza kwa Waingereza, na nawashukuru. Miaka ya kuelekea 1980 na baada yake wavuvi wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, waligundua kuwa chambo hakihitaji kuwa kwenye ndoano yenyewe, kinaweza kuning'inia pembeni kwa unywele au uzi mwembamba, ndoano ikabaki wazi. Kapu ananyonya chambo, ndoano inaingia nayo, akitaka kutema inamnasa mdomoni. Vifaa vyake huuzwa ghali kwenye pakiti ndogo ndogo. Huhitaji. Chukua uzi wa cherehani uliokunjwa mara mbili, ufunge kwenye shina la ndoano, uache urefu wa sentimita mbili hivi uning'inie nyuma ya pindo lake, na fundo dogo la tanzi mwishoni. Toboa punje mbili za mahindi katikati kwa sindano ya kushonea magunia, ile ndogo, pitisha uzi, halafu ziba tanzi kwa kipande cha ujiti wa ufagio kisizidi milimita tatu. Punje hazitoki. Kipande cha risasi kizito kidogo kiwe sentimita kumi na tano juu ya ndoano, na fimbo uiegemeze vizuri au uishike, maana kapu akinaswa hivi huondoka kwa nguvu na huivuta fimbo majini.

Jambo moja la mahindi nalisema kwa uzito kama mtu wa kinu. Usitie majini mahindi yaliyoota ukungu kwa kuwa eti ni ya samaki tu. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, inaumiza samaki pia, na samaki huyo ataliwa na watoto wa mtu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya mia moja, wengi wao Makueni na Kitui. Mimi nakataa kuyasaga yakiletwa kinuni, na sioni kwa nini yaende kidimbwini. Punje yenye rangi ya kijani kibichi au nyeusi kwenye kiini, tupa.

Kutupia chambo cha kuita samaki kunahitaji kiasi. Konzi mbili mwanzoni, nusu konzi kila baada ya samaki mmoja, basi. Kidimbwi hakina maji yanayopita. Chakula kisicholiwa kinaoza chini na kula hewa ya samaki. Mama mmoja ninayevua kwake, mwenye kidimbwi kinachotunzwa kuliko vyote ninavyovijua, huja ukingoni kutazama ndoo yangu kabla sijafungua. «Baba, hiyo yote inaingia majini?» Namwonyesha kiasi, anaridhika, anarudi kwa ng'ombe wake. Ana haki. Samaki ni wake, ada ninayomlipa haifiki bei ya kidimbwi kilichokufa. Vijana wanaomwaga debe zima la pumba kwa siku moja ndio wanaofanya wenye vidimbwi wafunge milango kwetu sote.

Na ukifika alfajiri ukaona samaki wamepanda juu, midomo wazi, wanavuta hewa, usitupe kitu chochote. Hewa huwa imepungua majini usiku, hasa maji yakiwa ya kijani kizito. Samaki hatakula, na chakula chako kitamwongezea shida. Mwambie mwenyewe aingize maji mapya, ungoje. Kwa kapu mimi napenda kuanzia saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapasha maji, na tena kuanzia saa kumi jioni. Julai na Agosti, wakati wa ule ubaridi wenye ukungu, anakula taratibu. Nenda mchana, tumia punje moja badala ya mbili, na usitupie chochote mpaka uone dalili.

Mvua za masika zikishachafua maji, rangi haina kazi tena na kopo la supamaketi linapoteza faida yake kubwa. Hapo mahindi yaliyochacha yanaongoza kwa mbali, na uyaache yachachuke zaidi, siku nne hata tano. Mwenye kutaka kuanza na asiwe na ndoo wala jiko la nafasi, apite kinu chochote kilicho karibu naye aombe gorogoro ya mahindi na nusu ya pumba. Tunauza kwa kipimo, na pumba wengine tunaongeza bure.